Huyu Amefanya Nini? Hadithi Kwenye Sarafu za Miji ya Kale na Kwenye Pauni Yetu

Nilikuwa na sarafu moja ya piasta 50. Upande mmoja ulikuwa na nembo ya taifa letu, yule tai aliyekunjua mabawa akiwa na ngao kifuani. Upande wa pili ulikuwa na kifaru. Siku moja nilimpa bibi yangu aishike. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo aliigeuza mara mbili, akampapasa kifaru kwa kidole gumba, kisha akaniuliza kwa Kiacholi swali ambalo kwa Kiswahili ni hili: “Huyu amefanya nini?”

Sikuwa na jibu. Kifaru wa piasta 50 hajafanya kitu. Amesimama.

Bibi ni mtambaji. Kwake yeye mnyama anayestahili kutajwa jioni ni yule aliyetenda jambo: sungura aliyedanganya, fisi aliyekula amana, tembo aliyeondoka na mkuki wa watu. Mnyama aliyesimama tu ni kitoweo, au ni hatari, lakini si hadithi. Swali lake lilinikaa kichwani kwa wiki kadhaa, na ndilo lililonifanya niandike insha hii. Nataka kulitumia kama kipimo cha uhakiki. Tumezoea kuuliza kama picha iliyo kwenye fedha inapendeza, au kama inamfanana mtu aliyechorwa. Mimi nitauliza kama picha hiyo imefanya jambo, na kama wanaoishika wanalijua jambo hilo.

Nitaanza mbali kidogo, kwenye sarafu ambazo nimeziona kwa picha tu. Kuanzia enzi za Kaisari Augusto hadi karibu na mwisho wa karne ya tatu baada ya Kristo, mamia ya miji ya mashariki ya Dola ya Kirumi, mingi ikiwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki, ilikuwa ikipiga sarafu zake yenyewe za shaba kwa ajili ya matumizi ya kila siku sokoni. Wataalamu huziita sarafu za majimbo ya Kirumi. Dhahabu ilibaki kuwa jambo la Roma. Shaba ya kununulia mkate na mafuta iliachiwa miji. Kwa kawaida upande wa mbele ulikuwa na kichwa cha kaisari au mtu wa jamaa yake. Upande wa nyuma ulikuwa wa mji, na maandishi yake yalikuwa ya Kigiriki, lugha ya watu wa pale. Ningesema kwamba uso ulikuwa wa mtawala na mgongo ulikuwa wa wenyeji. Kwenye mgongo huo ndiko wenyeji walikoweka visasili vyao.

Nisiwasifu kupita kiasi. Nyingi za sarafu hizo zingeshindwa mtihani wa bibi. Mji baada ya mji uliweka mungu wa kike wa bahati aliyesimama, mkono mmoja usukani wa meli, mkono mwingine pembe iliyojaa matunda. Ukiona moja umeona mia. Lakini baadhi ya miji ilifanya jambo gumu zaidi: ilichukua hadithi nzima na kuibana katika duara la shaba ambalo kidole gumba kinaweza kulifunika. Nitazungumzia tatu.

Ya kwanza ni ya Abydos, mji uliokuwa ukingoni mwa mlango wa bahari unaoitwa leo Dardanelles. Ng’ambo ya pili palikuwa na mji wa Sestos. Wagiriki walisimulia kwamba kijana wa Abydos, Leander, alimpenda Hero, aliyekaa katika mnara wa Sestos. Kila usiku Hero aliwasha taa, na Leander aliogelea kuifuata. Usiku mmoja wa dhoruba upepo uliizima taa. Leander akazama, na Hero alipouona mwili wake akajitupa kutoka mnarani. Sarafu za Abydos za wakati wa Kaisari Septimius Severus, mwishoni mwa karne ya pili na mwanzoni mwa ya tatu, zinaonyesha mnara, mwanamke aliyeshika taa, na mtu majini anayeogelea.

Angalia mchongaji alichochagua. Hakuonyesha maiti. Hakuonyesha Hero akianguka. Alichagua dakika ambayo taa bado inawaka. Mtu wa Abydos aliyeishika sarafu hiyo alijua kwamba taa itazimika, na ujuzi huo haumo kwenye shaba, umo kichwani mwake. Katika fasihi simulizi tunafundishwa kwamba hadithi haikamiliki bila hadhira. Hadhira huitikia, hucheka, humalizia wimbo. Sarafu ya Abydos inafanya kazi hivyohivyo. Inatoa nusu ya hadithi na kumwachia mshikaji nusu ya pili. Ni kama methali. Tunaposema “mgema akisifiwa”, hatuna haja ya kumalizia, na ukimalizia kila mara unamtusi msikilizaji.

Ya pili ni ya Apamea, mji wa bara katika nchi ya Frigia. Leo mahali hapo panaitwa Dinar, jina ambalo mtu wa Juba mwenye umri wa kutosha kukumbuka fedha ya Khartoum ya miaka ya 1990 hawezi kulisoma bila kutabasamu. Mto mmoja uliopita hapo uliitwa Marsyas, na wenyeji walisimulia kwamba Marsyas alikuwa kiumbe wa porini aliyeokota filimbi iliyotupwa na mungu wa kike Athena. Athena aliipiga filimbi hiyo, akajiona kwenye maji jinsi mashavu yanavyovimba, akachukizwa. Sarafu za Apamea zinamwonyesha akipiga filimbi karibu na maji huku Marsyas akimtazama. Hadithi ni ya Wagiriki wote, lakini maji yale ni ya Apamea. Mji umeitia hadithi kubwa katika mto wake mdogo.

Apamea hiyohiyo ina sarafu nyingine inayoshangaza zaidi. Mji ulikuwa na jina la pili, Kibotos, maana yake sanduku, na neno hilo ndilo Wayahudi na Wakristo waliosoma Biblia kwa Kigiriki walilolitumia kwa safina. Basi chini ya Septimius Severus, na baadaye tena chini ya makaisari wengine, mji ulipiga sarafu yenye sanduku linaloelea, mtu na mkewe wakiwa ndani, na juu ya sanduku herufi za Kigiriki zinazosomeka Noe, yaani Nuhu. Ndege mmoja ametua, mwingine anakuja na tawi. Pembeni watu walewale wawili wamesimama nchi kavu, mikono juu, wakishukuru. Nyakati mbili zimo katika picha moja: wamo majini na wameshatoka. Mtambaji huweza kusema “siku zikapita” akaruka mwaka mzima. Mchongaji wa Apamea aliruka kwa kuwachora watu wale mara mbili. Na mji uliokuwa na watu wa miungu mingi ulikubali hadithi ya Wayahudi kwenye fedha yake, labda kwa sababu tu ililingana na jina la mji. Sijui fedha nyingine ya kale iliyo na ukarimu wa namna hiyo.

Ya tatu inatugusa sisi moja kwa moja, kwa kuwa inahusu mto unaopita Juba. Alexandria huko Misri ilikuwa na kiwanda kikubwa cha sarafu. Wakati wa Kaisari Antoninus Pius, aliyetawala kuanzia mwaka 138 hadi 161, kiwanda hicho kilitoa mfululizo wa sarafu kubwa za shaba zenye visasili vya Kigiriki, zikiwemo kazi ngumu za shujaa Herakles. Ila picha iliyorudiwa sana Alexandria, kaisari baada ya kaisari, ni ya Naili. Mto umechorwa kama mzee mwenye ndevu, ameegemea kiwiko, mkono mmoja ameshika matete na mwingine pembe ya mavuno, na mara nyingi kuna mamba au kiboko karibu naye.

Mzee huyu amelala. Kwa kipimo cha bibi angeshindwa kama kifaru. Lakini baadhi ya sarafu zina nyongeza ndogo pembeni yake: herufi za Kigiriki zinazosimama badala ya namba 16. Hizo ni dhiraa 16, kimo cha mafuriko ambacho kila Mmisri alikiomba. Mwandishi wa Kirumi Pliny alieleza kwamba maji yakipanda dhiraa 12 ni njaa, na kadiri yanavyopanda kutoka hapo hali inazidi kuwa nzuri, hadi 16 ambapo ni furaha. Namba hiyo moja inamwamsha mzee. Sasa amefanya jambo: amepanda hadi pale tulipomwomba. Mwenye sarafu alijua njaa ya dhiraa 12 ilivyo, kwa hiyo alisoma namba 16 kama sisi tunavyosoma neno amani.

Naipenda sarafu hii, na inanitia uchungu pia. Maji ya mafuriko ya Misri yalitoka zaidi Ethiopia kwa njia ya Naili ya Buluu. Naili Nyeupe, huu wetu, ndio uliowapa maji ya kudumu miezi ya kiangazi, baada ya kuacha karibu nusu ya maji yake yakipotea hewani katika Sudd. Wachongaji wa Alexandria hawakuijua Sudd. Mwandishi Seneca anaeleza juu ya wanajeshi waliotumwa na Kaisari Nero kutafuta chanzo cha mto, nao wakafika kwenye vinamasi visivyo na mwisho ambavyo ni mtumbwi mdogo wa mtu mmoja tu ungeweza kupenya. Wengi wanaosoma maelezo hayo wanaona ni Sudd yenyewe. Pale Warumi walipogeuka nyuma ndipo kwetu. Na kwetu maji yakipanda hakuna anayeandika namba ya furaha. Tangu mwaka 2019 mafuriko yamewahamisha watu Jonglei na Unity, na kufikia 2021 Bentiu ilikuwa imezungukwa na maji. Mto ni uleule, ila hadithi ya chini ya mto si hadithi ya juu ya mto. Hilo ni funzo la kwanza kwa yeyote anayetaka kuazima picha za wengine: picha haisafiri na hadhira yake.

Sasa nirudi kwenye fedha yetu. Noti za pauni ya Sudan Kusini zilitoka Julai 2011, siku chache baada ya uhuru, na zote zina uso wa Dkt. John Garang, aliyefariki katika ajali ya helikopta tarehe 30 Julai 2005, miezi michache tu baada ya amani kutiwa saini. Upande wa nyuma kuna wanyama: twiga kwenye noti ya pauni 1, ng’ombe wenye pembe ndefu kwenye 5, nyati kwenye 10, tembo kwenye 50, simba kwenye 100. Mpangilio ni uleule wa Abydos na Apamea, uso wa mkubwa mbele na mambo ya nyumbani nyuma.

Upande wa mbele unafaulu. Ukimuuliza mtu yeyote Juba kuhusu mtu huyu wa ndevu, atakueleza alichofanya, na wengine watakueleza kwa dakika arobaini. Hata wanaobishana juu yake wanabishana juu ya matendo. Upande wa nyuma ndio unaolegea. Twiga, nyati, simba: ni wanyama wa bango la utalii. Nyumba ya jirani yetu Kenya ni vivyo hivyo. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikataza fedha kubeba sura ya mtu binafsi, na sarafu zilizozinduliwa Desemba 2018 zikaja na twiga, kifaru, simba na tembo. Naelewa sababu: walichoka kuona sura ya kila rais mfukoni. Lakini wanyama wale wamewekwa kwa sababu hawawezi kumwudhi mtu, na kitu kisichoweza kumwudhi mtu ni nadra kumgusa. Tanzania ya 1966 ilithubutu zaidi. Shilingi yake moja ilikuwa na mkono ulioshika mwenge, na kila Mtanzania alijua mwenge ule ulipandishwa Kilimanjaro usiku wa uhuru, Desemba 1961. Huo ni mkono unaofanya kitu.

Katika noti zetu namtoa mmoja katika lawama: ng’ombe wa pauni 5. Mtu wa mjini anaweza kumwona kama mnyama mwingine tu. Kwa watu wengi wa nchi hii ng’ombe mwenye pembe zile si picha ya mnyama. Ni mahari ya dada, ni fidia ya damu, ni jina la utani la kijana, ni sababu ya vita. Amesimama kama kifaru, ila hadhira inamjazia matendo yake. Kwa hiyo kipimo cha bibi kina pande mbili. Ama mchongaji aonyeshe tendo, ama hadhira iwe inalijua tayari.

Hapo mwenzangu mmoja darasani alinipinga, na pingamizi lake lina nguvu. Alisema: “Wewe ni Macholi, mimi ni Mnuer. Tukiweka hadithi kwenye fedha, tutaweka ya nani?” Huwa tunahesabu makabila 64. Tuna hadithi zinazoweza kushindana na za Abydos. Washilluk wana Nyikang, mwanzilishi wa ufalme wao, ambaye kwao hakufa bali alitoweka na upepo. Wadinka wana Aiwel Longar aliyesimama ukingoni mwa mto na mkuki wa samaki, akimchoma kila aliyejaribu kuvuka, mpaka mtu mmoja alipotanguliza mfupa wa ng’ombe majini. Mkuki ukapiga mfupa, mtu akamshika Longar wakapigana mieleka. Ni tukio linaloomba kuchongwa. Lakini mweke Longar kwenye noti kesho, na ifikapo jioni watu wataanza kuhesabu nani yumo na nani hayumo. Kila mji wa Kirumi ulikuwa na sarafu yake, akasema mwenzangu. Sisi tuna fedha moja kwa wote, na tangu Desemba 2013 tumeona kuhesabiana kunakotufikisha. Twiga hana kabila. Mwache twiga.

Nilikaa na hoja hiyo muda mrefu. Nadhani ni kweli kwa sehemu, na jibu langu nimelipata tena kwenye shaba ya Warumi. Ile miji haikupendana. Ephesus, Smyrna na Pergamon ziligombania vyeo kwa miaka mingi, kila mmoja ukitaka kuitwa wa kwanza katika jimbo la Asia. Na miji hiyohiyo ilipiga sarafu za aina ya pekee zenye neno homonoia, ambalo ukilivunja kwa Kigiriki ni nia moja. Juu ya sarafu hizo mungu wa mji mmoja anasimama pamoja na wa mji mwingine, Artemis wa Ephesus, kwa mfano, akiwa na Asklepios wa Pergamon. Hakuna anayemmeza mwenzake. Kila mmoja amebeba alama zake. Mtu anaweza kusema ni uongo wa kisiasa, kwa kuwa watu wenye nia moja hawahitaji kuiandika kwenye shaba. Nakubali. Lakini walipotaka kusema wamepatana, hawakutafuta mnyama asiye na mwenyewe. Walileta hadithi mbili zilizogombana na kuzisimamisha bega kwa bega. Twiga wetu ananyamazisha ugomvi. Sarafu ya homonoia inautaja kisha inaomba uishe.

Na iko hadithi moja ambayo bibi huisimulia, ninayoamini ingefaa fedha kuliko zote, ingawa sikuwaza hivyo mpaka nilipoanza kuandika. Ni ya mkuki na shanga. Waluo wengi wanaijua, kuanzia kwetu hadi Uganda, na majina hubadilishana kulingana na msimulizi. Bibi huisimulia hivi. Tembo alivamia shamba, na Gipir kwa haraka akaushika mkuki wa ndugu yake Labongo, akamchoma tembo, naye tembo akaondoka nao. Gipir akataka kulipa mkuki mwingine. Labongo akakataa: “Nataka ule ule.” Gipir akaingia porini, akateseka, akasaidiwa na bikizee mmoja, akarudi na mkuki na shanga nzuri alizopewa huko. Siku nyingine mtoto mchanga wa Labongo akameza shanga moja. Labongo akataka kulipa shanga nyingine. Gipir akajibu: “Nataka ile ile.” Mtoto akapasuliwa tumbo. Baada ya hapo ndugu wakaachana mtoni, wakazamisha shoka majini kama kiapo, mmoja akabaki upande huu na mwingine akavuka.

Nilikuwa nikiisikia kama hadithi ya wivu wa ndugu. Sasa naisikia kama hadithi ya fedha. Fedha ni nini, kama si makubaliano kwamba kitu kinaweza kulipwa kwa kitu kingine? Mkuki uliopotea unaweza kurudi kama ng’ombe, kama jembe, kama pauni. Labongo na Gipir waliukataa mlango huo. Kila mmoja alidai kitu chenyewe, na deni lisiloweza kulipwa kwa mbadala hulipwa kwa mtoto. Hata desturi zetu za kulipa damu kwa ng’ombe zinasimama juu ya funzo hilo: hakuna ng’ombe anayefanana na mtu aliyekufa, lakini ukikataa ng’ombe, utapewa maiti nyingine. Nchi iliyopita katika mambo tuliyopita ina madeni mengi ya “ule ule”. Natamani kuona upande mmoja wa sarafu mkuki, upande mwingine shanga. Bila maneno. Mwacholi ataisoma, Mshilluk na Mwanuak wataitambua, na Mnuer atauliza jirani yake, naye atasimuliwa. Kusimuliwa huko, mtu wa kabila moja kumweleza wa kabila lingine sokoni wakati wa kurudishiwa chenji, ndiko ninakokutafuta.

Mwenzangu aliposikia hayo alicheka. “Chenji gani?” akauliza. “Sarafu gani?” Ana haki ya kucheka. Sarafu zetu zilianza kutumika tarehe 9 Julai 2015, siku ya kutimiza miaka minne ya uhuru. Desemba mwaka uleule bei ya pauni 2.95 kwa dola ikaachwa, na thamani ikaporomoka, na imeendelea kuporomoka. Leo piasta 50 hainunui hata maji ya kunawa. Muuza karanga wa Konyokonyo atakurudishia kwa huruma, kama unavyomrudishia mtoto jani alilokuletea akicheza duka. Miji ya Kirumi nayo ilimalizika hivyo: katika karne ya tatu fedha ya dola iliharibika thamani, na viwanda vya shaba vya miji vikafungwa kimoja baada ya kingine. Hadithi za Leander na Marsyas ziliondoka sokoni kwa sababu ya bei. Hakuna aliyezikataa kwa ubaya wake.

Lakini hapo ndipo ninapoona kwamba nilimdhulumu kifaru. Sarafu isiyonunua kitu inabaki na picha peke yake, na picha ile ina kisa ambacho sikukijua siku bibi aliponiuliza. Kifaru mweupe wa kaskazini aliishi nchi hii. Mwaka 1975 dume mmoja mchanga alikamatwa Shambe, kando ya Naili, akapelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Dvůr Králové katika Chekoslovakia ya wakati ule. Akapewa jina Sudan. Wenzake waliobaki porini wakaisha kwa bunduki, mwaka baada ya mwaka, wakati sisi tukipigana. Desemba 2009 alihamishiwa Ol Pejeta nchini Kenya pamoja na wengine watatu, akalindwa na walinzi wenye silaha usiku na mchana. Alikufa huko tarehe 19 Machi 2018, akiwa dume wa mwisho wa aina yake. Wamebaki majike wawili, Najin ambaye ni binti yake, na Fatu ambaye ni mjukuu wake. Kwa hiyo nchi yetu ilipomchora kifaru mwaka 2015, huenda ilikuwa imemchora mtu wa familia aliyekuwa uhamishoni, mzee, bado hai, anayeitwa kwa jina la nchi tuliyokuwa tumetoka.

Mchongaji hakutupa hata dalili moja ya hayo. Hakuweka mto wa Shambe, hakuweka boma, hakuweka bunduki. Hilo bado ni kosa lake, na naling’ang’ania kama mhakiki. Lakini sehemu ya kosa ni yetu sisi hadhira, tuliokuwa na hadithi na hatukuisimulia. Watu wa Abydos hawakuandika kwenye shaba kwamba taa itazimika. Waliambiana.

Nilirudi kwa bibi na sarafu ileile, nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa Kiacholi changu kilichochanganyika na Kiarabu cha Juba na Kiswahili. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, “Walimchukua akiwa mtoto?”

“Ndiyo, bibi.”

“Na hawakumrudisha.”

“Hawakumrudisha. Walimfikisha Kenya tu.”

“Kama wewe,” akasema, kwa kuwa mimi nami nilikulia kambini Kakuma. Akaichukua sarafu, akaifunga kwenye ncha ya kitambaa chake pamoja na noti zake za kununulia sukari, ingawa alijua kwamba haitanunua kitu. Sikuiomba tena.